Pasti ya Mchimbaji: Chakula cha Mume Kilichovuka Bahari

Pasti ni unga wa ngano uliokandwa kwa mafuta, ukasukumwa duara, ukajazwa nyama ya ng'ombe, viazi, tanipu na vitunguu, ukakunjwa katikati, ukafinywa ukingo na kuokwa. Kwa umbo ni ndugu ya sambusa, ila huwa kubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, haikaangwi, na moja tu humtosha mtu anayefanya kazi ya sulubu kutwa nzima. Kama chakula cha wachimbaji, kwao ni Cornwall, pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Uingereza, ambako bati na shaba zimechimbwa tangu kale. Katika karne ya 19 wachimbaji wa huko walitawanyika Australia, Marekani, Meksiko na Afrika Kusini, na mara nyingi mke alipomfuata mume ugenini, pasti ilifuata.

Historia ya migodi hiyo imehifadhi majina ya wenye hisa, makapteni wa migodi na wahandisi wa mitambo ya mvuke. Wanawake waliokuwa wakiwasha moto kabla ya alfajiri ili mume asishuke shimoni mikono mitupu hawakuandikwa sana, na wengi wao hawapatikani ila katika daftari za sensa na za kanisa. Hata hivyo kazi yao imedumu kuliko nyingine nyingi za zama zile. Mitambo imeliwa na kutu na mashimo yamejaa maji, lakini pasti ingali inaokwa katika mabara matatu.

Mwanzoni pasti haikuwa chakula cha maskini. Maandishi ya Uingereza ya karne ya 13 na kuendelea yanaitaja mezani kwa wafalme na makabaila, ikijazwa nyama ya mawindo au samaki. Ilishuka kwa watu wa kawaida polepole, na kufikia karne za 17 na 18 ilikuwa imezoeleka kwa vibarua wa mashambani na wachimbaji wa Cornwall. Iliposhuka ilibadilika. Ngano ilikuwa ghali, kwa hiyo kaya nyingi zilitumia unga wa shayiri, unaotoa ganda gumu na zito. Viazi vilienea mwishoni mwa karne ya 18, na tangu hapo vikawa ndiyo sehemu kubwa ya kilichomo ndani. Nyama iliwekwa kadiri mfuko ulivyoruhusu. Wachimbaji wengi walilipwa kwa kandarasi, kulingana na mawe waliyoyatoa na ubora wake, na mwezi ambao mwamba haukutoa kitu pasti ya mume ilikuwa viazi, tanipu na kitunguu tu.

Umbo lake lililingana na kazi ya mgodini. Mchimbaji wa Cornwall alifanya zamu ya saa nane hivi chini ya ardhi, bila meza, bila maji safi ya kunawa, na bila mwanga ila wa mshumaa uliobandikwa kwa udongo mbele ya kofia yake. Kushuka na kupanda kulikuwa kwa ngazi, na katika migodi mirefu safari ya kurudi juu ilikula saa nzima au zaidi baada ya kazi. Mtambo wa kwanza wa Cornwall wa kuwapandisha na kuwashusha watu ulifungwa katika mgodi wa Tresavean mwaka 1842, na migodi mingi haikuwahi kuwa nao. Mtu anayeng'ang'ania ngazi kwa mikono miwili hawezi kubeba sahani wala bakuli. Alihitaji chakula cha kusunda ndani ya shati au mfukoni, kisichomwagika, kisichosagika akijigonga ukutani, kinachokaa na joto kwa muda, na kinacholika bila kisu wala kijiko.

Wanawake walioandaa chakula hicho waliujua mgodi kwa macho yao wenyewe. Wengi wao, kabla ya kuolewa, walifanya kazi juu ya ardhi wakiponda mawe ya shaba kwa nyundo na kuyachambua, tangu wakiwa wasichana wadogo. Walikuja kazini na pasti zao, na katika migodi kadhaa palikuwa na jiko la kuzipashia moto. Mke alipofunga chakula cha mumewe alikuwa akifunga chakula cha kazi aliyoifahamu, na alijua ni saa ngapi njaa ingemshika na ni kitu gani kingeizuia.

Upishi ulianza jioni. Unga ulikandwa kwa mafuta ya nguruwe au ya ng'ombe, maji na chumvi, ukaachwa utulie ili usichanike ukivutwa. Unga wenye nguvu ndio uliotakiwa, maana ganda laini lingepasuka njiani. Asubuhi mpishi alisukuma donge moja baada ya jingine, akikata duara kwa kufuata ukingo wa sahani, sahani kubwa kwa pasti ya mume na ndogo kwa ya mtoto. Viazi havikukatwa mraba. Alishika kiazi mkononi na kukichonga kwa kisu vipande vyembamba vikaangukia moja kwa moja juu ya unga, kisha akachonga tanipu vivyo hivyo. Kitunguu kilifuata, na juu yake nyama iliyokatwakatwa kwa kisu, iliyopendwa zaidi ikiwa ile ya kiwambo cha ng'ombe, kwa sababu haina mishipa mingi na hutoa mchuzi. Chumvi, na pilipili manga bila ubahili. Vyote hivyo viliingia vibichi, na hapo ndipo ufundi wote wa pasti ulipo. Mvuke wa nyama na kitunguu hufungiwa ndani na kuivisha viazi, na viazi hunywa mchuzi badala ya kuuacha umwagike. Ukingo ulilowanishwa, nusu ya duara ikafunika nusu nyingine, kisha vidole vikatembea kutoka pembe hadi pembe, kimoja kikisukuma na kingine kikikunja, mpaka ukingo wote ukasokoteka na kukaza. Tundu dogo lilitobolewa juu, na pasti ikaingia motoni kwa saa moja hivi.

Moto wenyewe ulibadilika. Katika nyumba nyingi za Cornwall za mwanzo wa karne ya 19 hapakuwa na oveni. Pasti zilipangwa juu ya bamba la chuma mekoni, zikafunikwa kwa chungu cha chuma kilichopinduliwa, kisha zikapaliwa makaa ya vijiti vya miiba vilivyokatwa porini. Baadaye majiko ya chuma yaliingia majumbani, mengi yakiwa yamesubiwa Cornwall kwenyewe.

Kabla ya kuokwa, kipande kidogo cha unga kilifinyangwa kuwa herufi ya kwanza ya jina la mwenye pasti na kubandikwa kwenye pembe moja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini linaeleza mengi kuhusu nyumba ile. Kila pasti ilitengenezwa kwa ajili ya mtu fulani. Huyu hapendi tanipu, yule anataka pilipili zaidi, baba anaongezewa nyama kwa sababu ndiye anayeshika nyundo. Mgodini mlaji alianzia pembe isiyo na herufi, ili kipande kikibaki, mwenyewe akitambue baadaye na mwenzake asije akakila.

Pasti ya mgodini imezungukwa na masimulizi mengi, na si yote yanayosimama yakichunguzwa. Linalorudiwa zaidi ni kwamba ukingo mnene ulikuwa mpini wa kushikia, na mchimbaji aliutupa baada ya kula kwa sababu mikono yake ilikuwa na aseniki. Kweli Cornwall ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa aseniki duniani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na sumu hiyo ilikuwamo katika mawe. Lakini picha za zamani za wachimbaji wakila zinawaonyesha wameshika pasti zilizofungwa kwa kitambaa au karatasi, na kaya iliyohesabu kila kiazi isingemzoesha mume kutupa robo ya unga kila siku. Kitambaa hicho pia kilikuwa kazi ya mke, kwani kilifuliwa na kurudi mgodini kesho yake. Wapo waliosimulia kwamba kipande cha ukingo kiliachwa shimoni kwa ajili ya mizimu midogo ya mgodini, ambayo kugonga kwake ukutani kulisemekana kuwaonya watu kabla mwamba haujaporomoka. Imani hiyo ilikuwapo kweli, na wachimbaji waliivusha bahari pamoja na vitendea kazi vyao.

Safari za kuhama zilianza mapema katika karne ya 19, lakini zilifurika baada ya 1866, bei ya shaba ilipoanguka na migodi ya Cornwall kufungwa mmoja baada ya mwingine. Shaba ya bei nafuu iliyoiua migodi hiyo ilitoka Chile, Australia na pwani za Ziwa Superior, na sehemu ya shaba hiyo ilikuwa imechimbwa na watu wa Cornwall waliotangulia. Bati nayo ilipata misukosuko yake katika miaka ya 1870 na 1890. Waliohama kwenda nje ya Uingereza kati ya 1861 na 1901 hukadiriwa kufikia robo milioni, idadi kubwa mno kwa jimbo dogo kama lile. Walihitajika kila palipopasuliwa mwamba mgumu, kwa sababu walijua kupasua kwa baruti, kufuata mkanda wa madini na kuvuta maji kwa mitambo ya mvuke.

Australia Kusini ilitaka familia tangu mwanzo. Koloni hiyo ililipia nauli za wahamiaji kwa fedha za mauzo ya ardhi, ikiwapendelea vijana waliooana, na hiyo ndiyo sababu wake wa wachimbaji walifika huko mapema na kwa wingi. Shaba ilipatikana Kapunda mwaka 1842, Burra mwaka 1845, kisha Wallaroo na Moonta mnamo 1859 na 1861. Burra ilijaa watu kuliko nyumba zilizokuwapo, na mnamo 1851 karibu watu 2,000 walikuwa wakiishi katika mapango waliyochimba kwenye kingo za kijito, mabomba ya moshi yakichomoza juu ya ardhi. Ni vigumu kupata jiko la ugenini lililo gumu kuliko hilo. Mke alikanda unga ndani ya ukuta wa udongo, maji ya kijito yakichafuliwa na kaya zilizopangana huku na huku, na mvua ikija mafuriko yaliingia mpaka mekoni, kama yalivyoingia mwaka huohuo wa 1851. Mume alikwenda kazini na chakula chake vilevile.

Moonta na Kadina, pamoja na bandari ya jirani ya Wallaroo, zilikuja kuitwa Cornwall Ndogo ya Australia, zikiwa na makanisa ya Kimethodisti, bendi za matarumbeta na vibanda vya wachimbaji vilivyopakwa chokaa. Maji yalikuwa haba na homa ya matumbo iliua watoto wengi. Wanawake wa huko hawakuwa watu wa mekoni pekee: katika mgomo wa 1874 walijitokeza na mifagio kuwafukuza waliotaka kuendelea kuendesha mitambo ya kuvutia maji. Migodi ilifungwa mwaka 1923. Pasti ilibaki Australia nzima, ikaongezewa karoti, njegere au boga kulingana na bustani ya mpishi, na tangu 1973 mji wa Moonta na jirani zake huandaa tamasha la asili ya Cornwall ambamo pasti haikosi.

Marekani ilipokea wachimbaji wa Cornwall katika sehemu kadhaa. Huko Mineral Point, Wisconsin, walifika miaka ya 1830 kwa ajili ya madini ya risasi na kujenga nyumba ndogo za mawe. Mtaa mmoja wa mji huo una jina linalotokana na simulizi kwamba wake walisimama milangoni wakipunga vitambaa kuwaita waume waliokuwa kilimani ng'ambo waje kula. Nyumba hizo zilikuwa karibu kubomolewa zote pale Robert Neal na Edgar Hellum walipoanza kuzikarabati mwaka 1935, na ili kupata fedha za kazi hiyo wakafungua mkahawa wa kuuza pasti. Grass Valley, California, nako dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1850 ilivuta watu wa Cornwall kwa wingi hadi wakawa ndio wengi katika migodi, na maduka ya pasti yapo mpaka leo.

Lakini mahali ambapo pasti ilizama ndani kabisa ya maisha ya watu ni Rasi ya Juu ya Michigan, ardhi ya misitu na theluji inayoingia Ziwa Superior. Taarifa ya mwanajiolojia Douglass Houghton ya 1841 ilitangaza shaba ya rasi ya Keweenaw, na kufikia katikati ya miaka ya 1840 migodi ilikuwa imefunguliwa. Watu wa Cornwall waliajiriwa kwanza kwa ujuzi wao, na wengi wakawa makapteni. Majira ya baridi huko ni marefu na makali, na meli hazikupita ziwani mpaka barafu iyeyuke, hivyo kaya ziliishi kwa vitu vinavyokaa: viazi, tanipu, vitunguu, unga na nyama. Hivyo ndivyo vitu vya pasti. Mke aliyetoka Camborne au Redruth, miji ya migodi ya Cornwall, hakuhitaji kubuni upishi mpya. Ghala la chakula la Michigan lilimrudisha kwenye ule aliojifunza kwa mamaye.

Chombo ndicho kilichobadilika. Mchimbaji wa Michigan alibeba kopo la bati la ghorofa tatu. Chini kabisa ilimiminwa chai, katikati ikawekwa pasti, na juu kipande cha keki au cha pai ya matunda. Saa ya kula kopo lilining'inizwa, mshumaa ukawashwa chini yake, chai ikachemka na mvuke wake ukaipasha pasti. Wengine waliweka pasti juu ya beleshi na kushika mshumaa chini ya bamba lake. Nyumbani, mke hakufunga kopo moja tu. Wachimbaji wasio na wake walipanga katika nyumba za walioolewa, na kodi yao ilijumuisha chakula. Kwa hiyo mwanamke mmoja aliweza kuwa na makopo ya mume, ya wanawe wakubwa na ya wapangaji kadhaa yakiwa yamepangwa mezani kabla ya king'ora cha zamu ya asubuhi, kisha akaanza upya kwa ajili ya zamu ya usiku. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, ila kodi ya wapangaji ndiyo iliyoiokoa kaya pale mume alipoumia au mgodi uliposimama.

Kisha wakaja Wafini. Wa kwanza waliletwa mnamo 1864 na 1865 kutoka migodi ya Norwei, na kuanzia miaka ya 1880 walimiminika kwa maelfu. Walianzia kazi za chini, kusukuma vigari vya mawe, chini ya makapteni wa Cornwall, na walichokiona kwa wakubwa wao saa ya kula kilikuwa pasti. Wake wa Kifini walikuwa na vyakula vyao vya nyama au samaki vilivyofungwa ndani ya unga, hivyo pasti haikuwa ngeni mikononi mwao. Waitaliano na wengine waliichukua pia, lakini Wafini ndio walioifanya yao. Baada ya vizazi viwili hivi wajukuu wengi waliamini kwamba chakula hicho kilitoka Ufini. Karoti iliingia, na hadi leo kaya za rasi hiyo zinabishana kama karoti inastahili kuwamo, na kama pasti huliwa kwa tomato sosi au kwa mchuzi mzito wa nyama. Mabishano hayo ni dalili nzuri. Watu hawagombanii viungo vya chakula wasichokiona kuwa chao.

Makanisa yaliiongezea pasti maisha. Wanawake wa Kimethodisti na wa Kilutheri walikusanyika jikoni mwa kanisa na kutengeneza pasti kwa mamia, wakiziuza ili kukarabati paa au kulipia madeni. Hapo ujuzi wa mke mmoja mmoja ulikutana, na mikono ya vijana ikafundishwa na mikono ya wazee. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia yalifunguliwa maduka, na daraja la Mackinac lilipokamilika mwaka 1957 na kuiunganisha rasi na sehemu nyingine ya jimbo, watalii walizidi kumiminika. Tarehe 24 Mei 1968 Gavana George Romney aliitangaza kuwa siku ya pasti ya Michigan. Mwaka huohuo ulianza mgomo katika migodi ya shaba ya kampuni ya Calumet and Hecla, na migodi hiyo haikurudi kufanya kazi. Pasti ilipata heshima ya serikali pale ambapo makopo ya wachimbaji wa shaba wa mji wa Calumet yalikuwa yakitundikwa.

Meksiko ina historia ya namna nyingine. Mwaka 1824 kampuni ya London iliyosimamiwa na John Taylor ilichukua migodi ya fedha ya Real del Monte, juu ya mji wa Pachuca, mahali palipo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,700. Mwaka 1825 wachimbaji na mafundi wa Cornwall walitua pwani ya Veracruz na takriban tani 1,500 za mitambo. Homa ya manjano iliwaua wengi huko pwani kabla hawajaianza safari ya kupanda mlima, na mitambo haikufika juu mpaka 1826. Kampuni hiyo ilipata hasara kubwa na migodi ikauzwa kwa Wameksiko mwishoni mwa miaka ya 1840, lakini watu wengi wa Cornwall walibaki na wengine wakaendelea kuja. Makaburi yao yamo katika uwanja wao uliozungushiwa ukuta, kilimani juu ya mji.

Huko pasti iliingia majumbani kwa njia mbili, kupitia wake waliotoka Cornwall na kupitia wanawake wa Kimeksiko waliopika katika nyumba za wageni hao au kuolewa nao. Mikono hiyo ya pili ndiyo iliyoamua ladha. Tanipu ilipotea taratibu, pilipili kali ikaingia kati ya viazi na nyama, na vikafuata vijazio ambavyo mchimbaji wa Camborne asingevitambua: maharage, kuku wa mchuzi wa pilipili, mchuzi mweusi wa mole, nanasi, hata wali wa maziwa. Ukingo uliosokotwa ulibaki. Huitwa paste, huuzwa stendi za mabasi na madirishani kote katika jimbo la Hidalgo, na tangu 2009 Real del Monte huandaa tamasha la kila mwaka kwa ajili yake. Mji huo pia una jumba la makumbusho la chakula hicho, na Mwanamfalme Charles na mkewe Camilla waliutembelea mji huo mwaka 2014. Real del Monte imefungamana na Redruth, na Pachuca na Camborne, kwa undugu wa miji.

Afrika Kusini inaonyesha upande wa pili wa shilingi. Watu wa Cornwall walikuwapo katika shaba ya Namaqualand na almasi ya Kimberley, na dhahabu ya Witwatersrand ilipogunduliwa mwaka 1886 walikwenda kwa maelfu. Lakini safari hii wengi waliwaacha wake zao nyumbani. Gharama za maisha Johannesburg zilikuwa kubwa, meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari, na mume aliweza kwenda kwa miaka michache, akarudi, akaenda tena. Miji ya Camborne na Redruth iliishi kwa hundi zilizotumwa kila mwezi, na barua za Afrika Kusini zilipochelewa, madeni ya dukani yalirundikana. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899 kaya nyingi zilijikuta hazina kitu. Mke hakuwa na kopo la kufunga. Alipika pasti za watoto, akalipa madeni, akasimamia shamba au nyumba, na kwa wengi wao mume alirejea akiwa na kifua kilichoharibiwa na vumbi la mwamba, ugonjwa ulioua wachimbaji wengi kabla ya uzee. Mume naye alikula katika nyumba za kupanga, chakula kilichopikwa kwa ajili ya yeyote aliyelipa. Haishangazi kwamba Witwatersrand, iliyopokea watu wengi hivyo wa Cornwall, haina mji unaojulikana kwa pasti jinsi Moonta, Calumet na Real del Monte zinavyojulikana. Ujuzi huu ulihitaji jiko la kudumu, mtu wa kupikiwa kila asubuhi na watoto wa kuangalia unapotendeka.

Cornwall yenyewe iliendelea kupoteza migodi katika karne ya 20. Mgodi wa mwisho wa bati, South Crofty, ulifungwa mwaka 1998. Kufikia wakati huo pasti ilikuwa imehama kutoka jikoni kwenda kiwandani na madukani, ikiuzwa katika vituo vya treni na vya mafuta kote Uingereza, na nyingi kati ya zilizobeba jina la Cornwall zilitengenezwa mbali na Cornwall, kwa nyama iliyosagwa hadi ikawa uji. Chama cha watengenezaji wa huko kilifungua maombi, na mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina hilo kisheria. Kanuni zilizopitishwa zinafuata kwa karibu alichokifanya mke wa mchimbaji: ganda liwe na umbo la nusu duara, ukingo usokotwe ubavuni, ndani kuwe na nyama ya ng'ombe, viazi, tanipu na kitunguu, nyama isipungue asilimia 12.5 na mboga asilimia 25, na vyote viingie vibichi. Karoti haikuruhusiwa. Pasti inayouzwa kwa jina la Cornwall lazima iundwe ndani ya Cornwall, ingawa si lazima iokewe huko. Kwa kanuni hizo zile za Moonta, Calumet na Real del Monte, zilizozaliwa mikononi mwa wake waliotoka Cornwall na waliojifunza kwao, haziwezi kubeba jina hilo barani Ulaya, na wapishi wa miji hiyo wameendelea kuzitengeneza kwa majina yao wenyewe.